Vifaa vya kuzamia majini: kipi ununue kwanza, kipi ukodi, na kipi usikiguse

Tumepokea swali kwa simu kutoka kwa msikilizaji wetu wa Chapwa, Tunduma. Amepata nafasi ya kwenda Unguja kujifunza kazi ya kuwaongoza watalii chini ya maji. Kabla hajasafiri, ameonyeshwa kwenye simu seti nzima ya vifaa vilivyokwisha kutumika: mtungi, kifaa cha kupumulia, jaketi, suti, miwani na mapezi. Muuzaji anataka alipwe yote kwa mkupuo. Msikilizaji anauliza: ninunue au nisinunue?

Jibu letu fupi ni hili: asinunue seti hiyo. Anayeanza anahitaji kununua vitu viwili au vitatu tu, na vingine atavikuta kwenye shule ya kuzamia. Jibu refu linafuata hapa chini, kwa sababu huko Songwe, Mbeya na Rukwa wapo vijana wengi wanaotafuta kazi hii pwani, na wapo wanaoishi jirani na Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ambao nao wanavutiwa nayo.

Maji yana uzito

Ili uelewe kwa nini kila kifaa kipo, anza na jambo moja. Hapa juu ya ardhi tunabeba uzito wa hewa iliyo juu yetu bila kuusikia. Ukizama mita 10, maji yanakuongezea uzito mwingine kama huo. Ukizama mita 20, unabeba mara tatu ya ule wa juu. Puto lililojazwa juu ya maji, ukilishusha mita 10 linabaki nusu ya ukubwa wake. Ukilijaza huko chini kisha ukalipandisha, linavimba mara mbili.

Mapafu ya mtu ni kama puto hilo. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mzamiaji mwenye mtungi ni kutobana pumzi kamwe, hasa anapopanda. Mtu aliyevuta hewa chini kisha akapanda huku amebana pumzi anaweza kupasuka mapafu hata kwenye maji ya mita chache. Kanuni hii haifundishwi na kifaa, inafundishwa na mwalimu.

Mafunzo yatangulie ununuzi

Mashirika makubwa yanayotoa vyeti vya kuzamia duniani, kama PADI na SSI, yanafundisha kozi ya mwanzo inayomruhusu mwanafunzi kufika mita 18. Kabla ya kuanza utajaza fomu ya afya. Mtu mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au kifafa ni lazima amwone daktari kwanza. Pia utapimwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Kama hujui kuogelea, fedha yako ya kwanza ipeleke huko, si kwenye vifaa.

Shule nyingi ziko Unguja, Pemba na Mafia. Kwa watu wa Songwe ipo pia njia ya karibu zaidi: ukivuka mpaka wa Kasumulu na kuingia Malawi, kuna mafunzo ya kuzamia Nkhata Bay, kwenye Ziwa Nyasa hilohilo ambalo wenzetu wanaliita Ziwa Malawi.

Unapouliza bei ya kozi, uliza mambo manne: je, kukodi vifaa kumo ndani? Je, mashua imo? Je, kitabu na cheti vimo? Je, mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi? Bei iliyo ndogo mwanzoni mara nyingi huongezeka kwenye mambo hayo.

Cha kwanza kununua: miwani

Miwani ndicho kifaa ambacho kila mtu anapaswa kuwa na chake, kwa sababu nyuso hazifanani. Miwani inayomkaa vizuri rafiki yako inaweza kukuvujia wewe.

Hakikisha inafunika pua. Miwani midogo ya kuogelea bwawani haifai kuzamia. Maji yanapoikandamiza, ni lazima upulizie hewa kidogo ndani yake kwa pua. Usipoweza, inakuwa kama kikombe kinachonyonya, na macho yanavilia damu.

Kuijaribu ni rahisi na hakuhitaji maji. Iweke usoni bila kuvaa mkanda. Vuta hewa kwa pua, kisha achia mikono. Ikishika yenyewe na kubaki usoni kwa muda, inakufaa. Ikidondoka, jaribu nyingine. Angalia nywele au misuko isiingie kati ya mpira na ngozi. Mwenye sharubu nene huenda akavujiwa kidogo. Kioo kiwe kigumu cha usalama, si plastiki, na mpira wa pembeni uwe silikoni laini, maana mpira wa plastiki ngumu hukakamaa na kuvuja.

Miwani mipya ina utando mwembamba kutoka kiwandani unaoifanya iingie ukungu. Isugue ndani kwa kidole na dawa ya meno nyeupe ya kawaida, kisha suuza. Rudia mara kadhaa kabla ya kwenda nayo majini.

Mapezi na mrija

Mapezi ni yale makasia ya miguuni. Yapo ya aina mbili. Ya kwanza unavaa kama kiatu, mguu mtupu. Ya pili yana mkanda nyuma na huvaliwa juu ya buti za mpira. Ukianzia kwenye mashua, ya kwanza yanatosha na ni nafuu. Ukiingia majini kwa kutembea juu ya mawe, chukua yale ya buti.

Yasibane vidole wala yasipwaye. Yanayobana huleta mkakamao wa misuli, na yanayopwaya hutoka mguuni. Usivutiwe na marefu na magumu. Anayeanza huchoka nayo haraka, na mtu aliyechoka hutumia hewa nyingi.

Mrija wa kupumulia juu ya maji uwe wa kawaida. Mrija mrefu kupita kiasi au mwembamba sana unakufanya uvute tena hewa uliyoitoa.

Miwani, mrija na mapezi vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Ukiishia hapo, bado umenunua vizuri.

Suti na mkanda wa risasi

Maji hupoza mwili haraka kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Hata maji ya Unguja au ya Ziwa Tanganyika, ambayo mara nyingi yana nyuzi 25 na kuendelea, yatakutetemesha baada ya saa moja. Suti ya mpira wenye unene wa milimita 3 inawatosha wengi katika maji yetu. Ikushike mwili mzima bila kukuzuia kupumua. Ikiwa na mifuko ya maji mgongoni, ni kubwa mno kwako.

Suti inaelea, kwa hiyo mzamiaji hufunga mkanda wenye vipande vya risasi ili ashuke. Hapa ndipo wanaohama kutoka baharini kwenda ziwani hukosea. Maji ya chumvi yanamwinua mtu kuliko maji baridi. Mtu mzima aliyezoea uzito fulani Unguja, akienda Ziwa Nyasa atahitaji pungufu ya kilo 2 hadi 3 hivi. Akifunga risasi ileile atazama kama jiwe. Mkanda wowote uwe na kifungo kinachofunguka kwa mkono mmoja. Siku ya hatari huo ndio uhai wako.

Jaketi na regulata

Jaketi ya kuzamia hujazwa hewa kutoka kwenye mtungi ili uelee, na hutolewa hewa ili ushuke. Isichanganywe na jaketi okozi la abiria wa mashua, maana haikuundwa kumgeuza mtu aliyezimia awe uso juu. Ukitaka kujaribu iliyotumika, ijaze hadi mwisho na uiache usiku kucha. Asubuhi iwe bado imejaa. Bonyeza kila vali, uone inaachia na kufunga.

Regulata ndicho kifaa cha kupumulia. Ndani ya mtungi hewa imebanwa sana kiasi kwamba haiwezi kuingia kinywani moja kwa moja. Regulata inaipunguza nguvu na kukupa kiasi kinacholingana na kina ulichopo, pale tu unapovuta. Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, ndio walioitengeneza ya kisasa mwaka 1943. Gagnan alikuwa fundi wa vali za kupunguza nguvu ya gesi kwenye magari, kwa hiyo kifaa hiki kina undugu na gereji.

Regulata kamili ina vinywa viwili, kimoja chako na kimoja cha akiba kwa mwenzako aliyeishiwa hewa, pamoja na geji ya kusoma hewa iliyobaki. Ikikosa kimojawapo, haijakamilika.

Kabla ya kununua iliyotumika, angalia yafuatayo:

– Chujio dogo la chuma kwenye mdomo wa kuingizia hewa. Likiwa na rangi ya kijani, maji ya chumvi yameingia ndani. Likiwa na wekundu wa kutu, ilitumika kwenye mtungi wenye kutu.
– Mipira isiwe na nyufa, hasa pale inapokutana na chuma. Ikunje taratibu uone.
– Ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa kidole au kifuniko chake, kisha vuta kwa kinywa. Hewa isije hata kidogo. Ikija, kuna tundu.
– Aina ya kiungo chake na mtungi. Kipo cha kubana kwa komeo na kipo cha kukaza kwa nati. Uliza shule unayokwenda inatumia kipi.
– Lini ilifanyiwa huduma na nani. Karibu kampuni zote zinataka ikaguliwe kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na fundi aliyesomea. Kama vipuri vyake havitengenezwi tena, ni chuma chakavu.

Anayeanza haoni kwa macho regulata iliyoharibika. Itapumua vizuri sebuleni na kukatika mita 15 chini. Kwa sababu hiyo tunashauri ikodiwe hadi utakapopata uzoefu wa kutosha.

Mtungi: kifaa cha mwisho kabisa

Wengi huuita mtungi wa gesi, na wengine wanadhani ni oksijeni. Ndani mna hewa ya kawaida, kama tunayovuta sote, iliyochujwa na kubanwa. Oksijeni tupu ni sumu kwa mzamiaji anayepita mita 6 hivi na inaweza kumtia degedege. Usikubali mtungi wa hospitali wala wa fundi wa kuchomea vyuma.

Tairi la semi zinazopanga foleni Tunduma hujazwa baa 8 hivi. Mtungi wa kuzamia hujazwa baa 200, yaani mara 25. Tumeona tairi linavyoweza kumuua fundi. Mtungi ulioliwa na kutu ni bomu.

Ndiyo maana mtungi hukaguliwa ndani kila mwaka, na katika nchi nyingi hupimwa kwa mgandamizo wa maji kila baada ya miaka 5. Tarehe hugongwa kwenye chuma, karibu na shingo. Mtungi usio na tarehe, au wenye tarehe ya zamani, kituo makini hakitaujaza. Ipo pia mitungi ya alumini iliyotengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa mchanganyiko uitwao 6351, ambayo baadhi yake ilipata nyufa shingoni na kupasuka. Vituo vingi huikataa. Muuzaji anayekuuzia mtungi wa aina hiyo anakuuzia mzigo wa kilo 14.

Hesabu ya hewa nayo uijue. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200 una lita 2,400 za hewa. Baa 50 za mwisho haziguswi, ni akiba ya kupanda. Zinabaki lita 1,800. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia 40 akiwa mita 10, na 60 akiwa mita 20. Kwa hiyo ana dakika 45 kwenye mita 10, lakini 30 tu kwenye mita 20. Mgeni mwenye hofu anatumia zaidi ya hapo.

Mtu asikudanganye kwamba kompresa ya gereji itajaza mtungi wako. Ile ya tairi na rangi haifiki baa 200. Hatari zaidi ni kuunganisha mpira kwenye kompresa hiyo na kuzama nao mdomoni. Moshi wa injini na mafuta huingia kwenye hewa. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na mtu hulala usingizi chini ya maji bila kujua.

Kompyuta ya mkononi, na milima yetu

Hiki ni kifaa kinachofanana na saa. Kinapima kina na muda, kisha kinakuambia umebakiza dakika ngapi na upande kwa mwendo gani. Kikiwezekana, kiwe kifaa chako cha nne, hata kiwe cha bei ya chini.

Kazi yake ni kuzuia ugonjwa wa mapovu. Unapovuta hewa chini ya uzito wa maji, naitrojeni inayeyuka mwilini. Ukipanda polepole inatoka kwa kupumua. Ukipanda haraka inatoa mapovu kwenye damu na viungo, kama soda inayofunguliwa baada ya kutikiswa. Dalili ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, hata kupooza. Wapo wanaodhani ni jini wa maji. Tiba yake ni oksijeni mara moja, na chumba maalumu cha mgandamizo. Vyumba hivyo ni vichache Afrika Mashariki, na vinavyojulikana viko pwani, kama Unguja na Mombasa. Kutoka Matema huko ni mbali mno.

Kwa watu wa nyanda za juu kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya pwani hulipita haraka. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika takriban mita 770. Juu ya mita 300 tayari kunahesabiwa kuwa ni kuzamia kwa mwinuko, na majedwali ya baharini hayafai bila kurekebishwa. Nunua kompyuta inayojirekebisha kwa mwinuko na kwa maji baridi. Soma maelezo kabla ya kulipa.

Kisha kuna safari ya kurudi nyumbani. Barabara ya Kyela kwenda Mbeya inapanda Tukuyu na kupita juu ya mita 2,000 kabla ya kushuka Uyole. Kutoka Kasanga utapanda hadi Sumbawanga ndipo uje Tunduma, ambayo nayo iko juu ya mita 1,500. Kupanda milima hiyo baada ya kuzama ni sawa na kupanda ndege, mapovu yanavimba mwilini. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, linashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 kama umezama mara kadhaa au siku kadhaa, kabla ya kuruka kwa ndege. Utumie muda huohuo kabla ya kupanda basi la mlimani. Ukizama leo, lala Kyela.

Sheria, na maji yasiyofaa

Nchini Tanzania kuvua samaki kwa kutumia mitungi ya kuzamia ni uvuvi haramu. Anayekushawishi ununue mtungi ili ukavue majongoo bahari au samaki anakuingiza kwenye kesi, na wapo wavuvi wengi duniani waliopooza kwa kuzamia bila mafunzo.

Ukinunua vifaa upande wa Nakonde, vipitishe kwenye Kituo cha Huduma kwa Pamoja na utunze risiti. Bila risiti hutaweza kudai wala kuuza baadaye.

Ziwa Rukwa tuliache. Lina kina kifupi, tope na mamba. Ziwa Nyasa lina kichocho katika baadhi ya fukwe, na suti haizuii. Ukizama huko, nenda zahanati ukapimwe wiki kadhaa baadaye. Dawa ipo.

Tunachomshauri msikilizaji wetu

Mwandikie muuzaji umuulize: mtungi una tarehe gani shingoni, na akutumie picha yake. Regulata ilihudumiwa lini, na karatasi iko wapi. Kwa nini anauza. Majibu yakichelewa, umepata jibu.

Hata akijibu vizuri, fedha hiyo ina kazi bora. Lipia kozi na shule inayotoa vifaa. Nunua miwani uliyoijaribu usoni mwako mwenyewe, mrija na mapezi. Kinachobaki weka akiba ya kompyuta. Ukishapata cheti na kuzama mara 20 au 30 na vifaa vya kukodi, utajua mwenyewe jaketi ipi inakukaa na regulata ipi ina fundi karibu. Hapo ndipo ununue.

Kama una swali jingine kuhusu kazi hii, tutumie ujumbe. Tutalitafutia majibu na kulisoma hewani.